Fremu Tano za Noela

Mpwa wangu Noela anasuka mota Temeke. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, au ya pampu ya kisima, au feni la kanisa likianza kutoa moshi padri akiwa katikati ya mahubiri, wanampelekea yeye. Anatoa waya ulioungua, anahesabu mizunguko, anafunga mpya kwa vidole vyake, na mota inarudi kunguruma. Ana stashahada ya umeme, lakini kazi yenyewe aliijulia karakanani kwa mzee Ismail, ambaye hajui kusoma mchoro na hajawahi kurudishiwa mota.

Mie ni Gregori, kaka wa mama yake. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuja sikukuu na soda mkononi. Mtoto wa dada yako ni wako. Akikosea unaulizwa wewe, akitaka kuanza maisha unasimama wewe. Mie sikusimama. Noela alipobatizwa nilikuwa Mererani natafuta mawe. Alipopata kipaimara nilikuwa Beira. Alipomaliza stashahada nilikuwa Lubumbashi nachonga viti vya baa. Hata shule niliisoma vipande vipande: darasa la tatu Newala, kisomo cha watu wazima Tabora, miezi sita ya Kiingereza kwa padri mmoja Kitwe. Kwa hiyo niliporudi mwaka jana Chanika kwa dada yangu Eufrazia, na begi moja na sanduku la patasi, nilitegemea maneno. Hakunilaumu. Alinipa chumba cha uani, akaniwekea neti, akaniuliza kama bado nakula kisamvu bila nazi. Mtu anayepokewa hivyo na miaka sitini na nane kichwani anapaswa kukaa kimya na kushukuru, nami nilikaa kimya.

Jumamosi moja Noela akaja kutoka Temeke na karatasi zimeviringwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, nina mawazo. Mjomba, unaweza kunichongea kitu?"

Miaka ishirini na saba ya umri wake, ndiyo mara ya kwanza ananiomba kitu. Nilitaka kusema ndiyo kabla sijajua ni nini. Nikajikaza.

"Kitu gani?"

Akakunjua karatasi mkekani. Palikuwa na duara, lakini duara lililokunjwa, limeinuka huku na kuzama kule, kama chapati iliyokataa kulala kwenye kikaango. Limechorwa kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka nyuma. Ukubwa wake kisahani cha chai.

"Hii ni fremu ya kufungia waya," akasema. "Waya ukishafungwa na kutiwa umeme, inakuwa sumaku. Nataka tano. Kuna kampuni Ujerumani inajenga mashine ya nyuklia, na..."

"Nyuklia! Mama Noela, njoo usikie, mwanao anakwenda kuunda bomu."

"Mjomba, tulia. Hilo ni la kupasua. Hii ni ya kuunganisha."

Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Kuna nyuklia ya kupasua chembe kubwa, hiyo ndiyo ya mabomu na ya mitambo tuliyozoea kuisikia. Halafu kuna ya kuunganisha chembe ndogo, haidrojeni, ile iliyomo kwenye maji. Zikiungana mbili zinatoa joto kubwa mno. Jua linafanya kazi hiyo kutwa kucha. Shida ni kwamba ili ziungane lazima uzichemshe zaidi ya digrii milioni mia moja, na hakuna sufuria duniani ya kubeba moto huo. Kwa hiyo wanaubeba kwa sumaku. Moto unaelea katikati, unazunguka kama pete, haugusi ukuta. Ukigusa, unapoa, umekwisha.

"Na umeme wameshauza?" nikauliza.

"Hata yuniti moja bado."

"Wameanza lini?"

"Serikali za wakubwa zimeanza tangu Bibi hajaolewa. Ila sasa hivi wameingia watu binafsi, kampuni zaidi ya arobaini duniani, kila moja na mashine ya namna yake. Kuna wanaosema miaka kumi watakuwa wamewasha. Kuna wanaowacheka."

"Wewe uko upande gani?"

"Mie niko upande wa kusuka sumaku, Mjomba. Wawashe wasiwashe, lazima kuna mtu azisuke, na zile zilizopinda hivi mashine bado inahangaika nazo. Wanataka vidole."

Ndipo likaja lenyewe. Kampuni hiyo ilitangaza nafasi sita za mafunzo ya kusuka sumaku, miaka miwili, kula na kulala juu yao, na kazi baada ya hapo. Noela aliomba bila kumwambia mtu. Walioomba walikuwa mia kadhaa, wamebaki kumi na wawili, na yeye mmoja wao. Usaili wa mwisho ni kwa kamera, Alhamisi ya wiki ya pili. Kila mmoja atafute fundi yeyote amtengenezee fremu tano zinazofanana kutoka kwenye mchoro ule, kwa kitu chochote. Kufunga waya atafunga mwenyewe, wakimwangalia. Na mwaka unaofuata hawachukui mtu.

"Vijana wa mjini wana ile printa ya plastiki," akasema. "Nilijaribu. Nikivuta waya ukaze, inapasuka. Nikafikiri mbao. Nikafikiri wewe."

Hayo maneno mawili ya mwisho nililala nayo.

Sandukuni mwangu palikuwa na mpingo niliotoka nao Tunduru, nimeuzungusha nchi tano bila kuutia patasi kwa sababu sikupata kazi iliyoustahili. Nikaukata vipande vitano. Siku saba nilichonga uani kwa Eufrazia tangu asubuhi mpaka kuku wanarudi bandani. Mpingo ni mgumu, unakula makali ya tezo, lakini ukiusikiliza unakwambia unapotaka kupinda. Nikimaliza moja naipiga msasa, naipaka mafuta, naiweka dirishani, kisha ndiyo naanza nyingine. Majirani walikuwa wanapita kuangalia. Mama mmoja aliuliza kama ni bangili za jini. Siku ya saba zote tano zilikuwa dirishani zinang'aa, na niseme ukweli, sijawahi kuchonga vizuri kuliko vile.

Noela akaja Jumamosi. Aliziona tangu mlangoni, akashika mdomo.

"Mjomba. Jamani, Mjomba."

Akaichukua ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mfereji wa kulalia waya. Kisha akatoa uzi mfukoni. Akauzungusha mfereji mzima, akaukata pale ncha zilipokutana. Uzi ule ule akauzungusha kwenye fremu ya pili. Ncha hazikukutana, palibaki nafasi ya ukucha. Ya tatu, uzi ukazidi. Ya nne ukazidi zaidi.

Akaziweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mjomba, hazifanani."

"Zifanane vipi? Ni ndugu hizo, tumbo moja. Angalia, hii imelala kidogo kiunoni kwa sababu mti ulikuwa na mshipa pale. Hii nimeipa shingo."

"Naona. Ni nzuri mno. Lakini moto unazunguka ndani yake, Mjomba. Unapita kwenye sumaku hii, hii, hii, mpaka unarudi. Moja ikiwa na shingo yake na nyingine kiuno chake, moto unayumba, unatoka nje, unagusa ukuta. Wale watapima kwa uzi kama nilivyopima mimi."

Nikakaa chini. Si kwamba sikumwelewa tangu mwanzo. Alisema tano zinazofanana na nilisikia vizuri kabisa. Ila aliyenifundisha kuchonga, mjomba wangu mwenyewe kule Newala, kinyago chako cha pili kikifanana na cha kwanza alikuwa anakitupa motoni na wewe unakosa chakula. Mchongaji wetu harudii. Miaka hamsini mkono wangu umeishi hivyo, na ulipopewa kazi ya mpwa wangu ukafanya kama ulivyolelewa, bila kuniuliza. Nilimpa kila kilicho bora nilichonacho na ndicho kilichomharibia.

"Asante Mjomba," Noela akasema. Alisema kweli, hakukejeli. Hilo ndilo lililoniuma.

Eufrazia alikuwa mlangoni na ungo. "Kaka, Alhamisi ni siku tano tu hapo. Una miti mingine?"

"Miti ipo. Mkono ndio sina."

"Nani anao?"

Nilimjua mwenye mkono huo, na sikutaka kumtaja.

Marijani anakaa Bunju. Ni Mzaramo, mwenyeji wa hapa hapa. Miaka ya themanini tulichonga banda moja Mwenge. Mie vinyago, yeye twiga. Twiga tu. Twiga wa futi moja, wa futi mbili, wa futi sita, kila wiki dazeni, na ukiwapanga huwezi kujua nani ni nani. Siku moja mbele ya wanunuzi na wachongaji wote nikamwita mashine. Nikasema hata mashine ina heshima kuliko yeye, kwa sababu mashine haijui inachofanya. Watu walicheka sana. Marijani aliendelea kupiga msasa. Nikaondoka mjini wiki ile ile, na kila nilipopita Dar tangu hapo nilihakikisha sipiti Bunju.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nikafunga fremu zangu kwenye kanga ya Eufrazia, nikavuka jiji zima.

Uwanja wa Marijani ulikuwa umejaa miguu ya twiga. Miguu tu, imepangwa kwenye ubao kama samaki sokoni. Harufu ya mfenesi mbichi na kiwi ya viatu. Mkewe, Mwanabaraka, alikuwa anachambua mchele barazani.

"Hodi hapa."

Akainua macho, akaweka sinia chini. "We! Gregori? Hujafa?"

"Bado, Mama Farida."

"Baba Farida! Njoo uone maiti imekuja kwa miguu yake."

Marijani akatoka nyuma ya nyumba, kofia kichwani, ndevu nyeupe, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Umekuja kununua twiga?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba! Mama Farida, mletee kiti. Mmakonde anaomba. Nataka aombe amekaa, asije akatuangukia hapa."

Nikakaa. Nikamwambia yote, mpwa, Wajerumani, uzi, Alhamisi. Nikafungua kanga. Akachukua fremu moja moja, akazigeuza kwenye mwanga, akanusa mpingo.

"Hii ya tatu," akasema, "ningekuwa nayo nisingeiuza. Nakwambia kweli."

"Asante."

"Usinishukuru, sijamaliza. Mtoto alitaka moja mara tano. Wewe ukampa tano mara moja. Hizo za nini hasa? Umeme?"

"Umeme. Wanataka kutengeneza jua dogo, walifunge kwa sumaku."

"Sola?"

"Si sola. Jua lenyewe."

Mwanabaraka akadakia, "Na hili la juu lina kasoro gani? Tangu asubuhi linatuchoma."

"Marijani," nikasema, "lile neno nililokwambia Mwenge..."

"Neno gani?" Akanikazia macho. "Umeniambia maneno mengi Mwenge. Mengine yalikuwa ya kunikopa msasa." Akasimama, akapangusa mikono. "Nitachonga. Ila hapa ni kwangu. Mkono wako hautagusa patasi mpaka niseme. Utashika msasa."

"Nitashika msasa."

"Mama Farida, umesikia? Atashika msasa! Andika tarehe."

Alipasua ubao mmoja wa mfenesi mkavu, vipande vitano kutoka mti ule ule, akavipanga mbele yake mstari mmoja. Akaniambia nimwite Noela alete mchoro. Noela alipofika na kumwamkia, mzee akamwambia amkatie kadibodi za boksi, kila moja ifuate mpindo wa fremu mahali fulani, nane kwa jumla. Kisha akaanza, na hapo ndipo nilipoona kazi ambayo miaka ile yote niliicheka bila kuiangalia.

Alikata mkato mmoja kwenye kipande cha kwanza. Mmoja tu. Akasogea, akakata ule ule kwenye cha pili. Cha tatu, cha nne, cha tano. Akarudi cha kwanza, mkato wa pili. Akipaka kadibodi unga wa mkaa na kuibandika, pale mbao ilipochafuka ndipo ilipozidi, anaondoa kidogo, anasogea. Vipande vyote vitano vilikuwa vinakua pamoja, hakuna kilichotangulia.

"Kwa nini usimalize kimoja upate cha kuiga?" nikamuuliza.

"Usimalize hata siku moja," akasema bila kuinua kichwa. "Ukimaliza mmoja utampenda. Ukishampenda, wa pili utataka awe na chake. Ndiyo ugonjwa wako huo, Gregori. Mie siruhusu yeyote awe mzuri mpaka wote wawe wazuri."

Noela alicheka mpaka akakaa chini. "Babu Marijani, kule karakanani mzee Ismail anasema hivyo hivyo kuhusu koili za mota. Moja ikiwa na bidii kuliko wenzake ndiyo inaungua."

"Huyo Ismail mlete hapa tuongee. Huyu mjomba wako sijui umemtoa wapi."

Jumatatu na Jumanne nilipiga msasa. Vidole vilikuwa vinawasha. Noela alikuwa anakuja akitoka kazini, anapima kwa kadibodi, anatikisa kichwa au anaitikia. Jumatano asubuhi mkono wa Marijani ulimkaza, uzee nao una siku zake, akanisogezea patasi bila kuniangalia.

"Mfereji. Mkato mmoja, sogea. Kama ulivyoona."

Nikaanza. Kwanza, pili, tatu. Nilipofika cha nne, mti ulikuwa na mshipa mdogo, mweusi kidogo, unapinda kwa ndani. Mchongaji yeyote wa kwetu angeona pale kuna bega. Si kosa la mti, ni ombi. Patasi ikaanza kuelekea huko peke yake, na mie naiangalia inavyokwenda kama mtu anayeangalia miguu yake ikimpeleka kituo cha basi.

"Gregori," Marijani akasema. Alikuwa amenipa mgongo, anakunywa chai. "Uache."

Sijui aliuonaje. Labda alisikia mlio wa patasi umebadilika. Nikaurudisha mkono kwenye mstari, nikakata mshipa ule katikati, kama vingine vyote, nikasogea cha tano. Sitasema ilikuwa rahisi.

Alhamisi saa nne asubuhi Noela alipitisha uzi. Fremu ya kwanza, ncha zikakutana. Ya pili, zikakutana. Sikuweza kuangalia ya nne, niliangalia miguu ya twiga. Nikasikia Noela anavuta pumzi, na Mwanabaraka anasema, "Alhamdulillahi, haya sasa mtoto ale, hajala tangu jana."

Muda wa kurudi Chanika haukuwepo, usaili ukafanyikia pale pale barazani Bunju. Mwanabaraka alitundika kanga mpya ukutani nyuma ya Noela, akafagia vumbi la mbao, akatufukuza mie na Marijani tukakae pembeni tusionekane. Saa nane mchana kamili wakatokea kwenye laptopu ya Noela, watu watatu. Wanaume wawili vijana na mama mmoja wa mvi, miwani kwenye ncha ya pua. Kiingereza changu cha Kitwe kilitosha kufuata nusu, nusu nyingine Noela alinieleza baadaye.

Mara muziki wa singeli ukalipuka nyumba ya jirani. Mwanabaraka akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Suhaib! Zima hiyo kelele! Mtu anahojiwa na Wajerumani hapa!"

"Samahani Bibi! Anahojiwa kwani kafanya nini?"

"Zima, nitakueleza!"

Yule mama wa mvi akatabasamu, akangoja. Kisha akamwambia Noela achukue uzi. Akataja mwenyewe, fremu ya nne. Ikapimwa, uzi ukakatwa. Sasa ya pili. Sasa ya tano. Kila ncha zikikutana Noela alisogeza mbele ya kamera waone, na yule mama alisogeza uso wake karibu mpaka pua ikajaa kioo kizima.

Wakamwambia afunge waya. Mizunguko ishirini, usipande mmoja juu ya mwingine.

Hapa sikuwa najua kitu, ila nilikuwa nimemsikia Noela akiwa na wasiwasi napo. Mahali fremu inapoinuka waya unalala vizuri. Mahali inapozama kwa ndani, ukivuta ukaze, waya unainuka na kuachana na mbao, kama kamba ya kuanikia nguo. Ukilegeza, umelegea. Noela alifunga mizunguko mitatu, akasimama. Mmoja wa wale vijana akaandika kitu. Marijani akanifinya paja.

Noela akachukua uzi wa pamba, ule anaofungia koili za mota Temeke. Pale kwenye bonde la fremu akaulaza waya kwa kidole gumba, akaupiga fundo dogo, akavuta, akaendelea. Kila mzunguko fundo moja, haraka, haangalii hata uzi. Vidole vile nilivijua. Ni vya Eufrazia akisuka ukili, ni vya mama yetu. Mizunguko ishirini ikalala kimya kama nywele zilizosukwa.

Yule mama akavua miwani. Akauliza amejifunza wapi fundo lile. Noela akamwambia: kwa mzee Ismail, Temeke, kwenye mota za mashine za kusaga mahindi. Mama akarudia jina hilo polepole, "Temeke," akaliandika.

Kijana mmoja akamuuliza swali ambalo nilijua litakuja. Je, anaamini mashine itawaka? Itauza umeme kweli?

Noela akafikiri. Nilimwona anatafuta jibu la kuwafurahisha, akaliacha.

"Sijui," akasema. "Watu wameahidi tarehe nyingi na zimepita. Ninachojua ni kwamba haitawaka kama sumaku hazifanani. Hilo naweza kulifanya. Mengine mtafanya nyinyi."

Wale vijana wakaangaliana. Yule mama akauliza la mwisho: fremu ipi kati ya tano ilichongwa kwanza?

Noela akageuka kutuangalia, hajui. Nikamwangalia Marijani. Marijani akajinyoosha pale alipo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Ujerumani:

"Mwambie zimezaliwa siku moja, saa moja. Hakuna mkubwa."

Noela akatafsiri. Mama wa mvi akacheka, cheko la mtu aliyekaa na kazi moja miaka mingi, akasema kitu kwa Kijerumani kwa wenzake, wakatuaga.

Siku kumi na moja tulingoja. Sikukaa Chanika kuzihesabu. Nilikwenda Bunju kila asubuhi, nikashika msasa bila kuambiwa, maana Marijani alikuwa na oda ya twiga aliyoiweka pembeni wiki nzima kwa ajili yetu na sasa imechelewa. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Neno lile la Mwenge nililisema siku ya tatu, lote, na samahani yake, tukiwa tunapaka kiwi. Akasema, "Nimesikia," akanisogezea kopo. Nimeombwa radhi na kuomba radhi mara nyingi maishani, sijawahi kupewa jibu jepesi la kubeba kama hilo.

Siku ya kumi na moja simu ikalia, nimeshika mguu wa twiga.

"Mjomba." Nyuma yake nilisikia mota inanguruma, na mzee Ismail anamwambia mteja angoje. "Mjomba, wamenichukua. Nimesoma mara tatu. Naanza mwezi wa tatu."

Nikampa Mwanabaraka simu, naye akapiga vigelegele mle mle kwenye simu mpaka Suhaib wa jirani akachungulia ukutani.

Marijani akaweka tezo chini. "Wameniulizia?"

"Hawajakuulizia."

"Wajinga. Na huo umeme wenyewe lini?"

"Mwenyewe anasema hajui. Labda miaka kumi, labda thelathini."

"Thelathini!" Akapiga hesabu kwa vidole, akacheka. "Sie hapo tumeshasahaulika mpaka makaburi yetu."

"Labda hata usiwake."

"Labda." Akaokota tezo, akapuliza makali. "Lakini zile fremu zilifanana, Gregori."

"Zilifanana."

"Kama mapacha."

"Kama mapacha, Marijani."

Akanisogezea mguu mwingine, nikaupokea. Mwanabaraka bado alikuwa kwenye simu, anamuuliza Noela huko anakokwenda kuna baridi kiasi gani na kama Wajerumani wanauza nazi.